Kupika Krismasi ya Unguja: sinia la jirani kwanza

Mlo wa Krismasi wa hapa Unguja unaanzia kwa mchinjaji, siyo jikoni. Nalitanguliza hili kwa sababu kila mwaka ikikaribia sikukuu, mabinti zetu na wake za watoto wetu hunipigia simu kuuliza vipimo vya pilau, na mie kabla sijawajibu huwauliza kwanza: nyama unanunua wapi, na kuku atachinja nani? Vipimo nitavitaja huko chini, tena vyote. Lakini chakula chetu cha Krismasi huliwa na nyumba yetu pamoja na nyumba za kushoto, za kulia na za mbele, na nyumba hizo karibu zote ni za Waislamu. Chakula ambacho jirani hawezi kukitia mdomoni, hata kikinukia mpaka barabarani, hicho hakijawa cha sikukuu.

Mie nimezaliwa Mbweni, kwenye kijiji kilichoanzishwa na misheni kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na nimeolewa mjini, Kikwajuni. Haya ninayoyaeleza nimeyapokea kwa bibi mzaa mama na kwa mama mkwe, na nimeyapika mwenyewe tangu nilipokabidhiwa mwiko. Yamfae yeyote anayepika Krismasi yake ya kwanza Unguja au Pemba.

Nyama, kuku, na vitu vidogo vilivyojificha

Nyama ya ng'ombe haina tabu. Ukinunua soko la Darajani, la Mwanakwerekwe au bucha la mtaani kwako, imechinjwa na Muislamu na kila mtu anaijua ilikotoka. Kazi yako ni kumuwahi muuza nyama. Mwambie wiki moja kabla kwamba unataka nyama ya pilau: kidari, ubavu na kidogo ya mguu, mifupa ndani. Nyama tupu isiyo mfupa ni nzuri kwa kukaanga, lakini haitoi supu, na pilau ni supu.

Kuku wa kienyeji huletwa wazima kutoka shamba, na hapo ndipo wageni wa visiwa hivi wanapojisahau. Usiwachinje mwenyewe, wala usimpe kijana wako. Sisi kuku wetu huchinjwa na mzee wa nyumba ya pili. Alfajiri ya tarehe 24, akishatoka msikitini, tunampelekea kisu kilichonolewa, ndoo ya maji na kuku waliofungwa miguu. Akimaliza, kuku mmoja ni wa mkewe. Hatuulizani wala hatukumbushani, mambo yanakwenda hivyo. Kama umehamia mtaa mpya, nenda kwa jirani siku mbili kabla, piga hodi, mwombe kwa adabu. Sijaona aliyekataa, na mara nyingi huo ndio unaokuwa mwanzo wa ujirani wenyewe.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoponyoka. Keki: zabibu zake zirowekwe kwenye maji ya machungwa au chai ya rangi yenye mdalasini, siyo kwenye mvinyo kama wafanyavyo Waingereza. Arki ya vanila isome kibandiko chake, maana ziko zilizochanganywa na spiriti. Jeli ya watoto nayo isome, na vidonge vya supu, na soseji za kopo. Tunao pia ndugu zetu wa bara ambao kwao Krismasi bila kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, haijakamilika. Sina ugomvi nao, lakini sufuria, kisu na ubao wa nyama hiyo visiingie kwenye jiko linalotoa sinia za jirani. Jirani hatakuuliza. Anakula kwa kukuamini, na imani hiyo uilinde hata pale ambapo yeye hakuoni.

Hesabu ya vinywa

Nitaeleza kwa nyumba ya watu 20 na sinia nne za kutoka kwenda kwa majirani. Mchele kilo 4, nyama kilo 4, mbatata (viazi) kilo 2, kuku watano. Ukiwa na watu kumi na sinia mbili, gawa nusu. Usipige hesabu ya watu wa nyumbani peke yao halafu ukategemea sinia zitoke kwenye kitakachobaki. Sinia hazitoki kwenye mabaki. Ziandike mwanzo kabisa kwenye karatasi ya soko, juu ya majina ya ndugu.

Kilo 4 usizipike kwenye sufuria moja, hata kama unayo ya kutosha. Mchele ukiwa mwingi pamoja, wa chini unakuwa uji na wa juu unabaki na kiini. Pika sufuria mbili za kilo mbili mbili kwenye seredani (majiko ya makaa) mbili. Ya kwanza iwive mapema, hiyo ni ya sinia. Ya pili ifuate nyuma yake kwa saa moja, hiyo ni ya nyumbani na italiwa ikiwa moto.

Siku tatu za mwisho

Tarehe 22 nunua vyote visivyooza, pamoja na makaa. Desemba mvua za vuli huwa bado zinajirudi, na gunia lililoachwa uani usiku mmoja tu linatosha kukujazia jiko moshi siku nzima ya sikukuu. Liweke ndani.

Tarehe 23 ni siku ya bizari, yaani viungo vikavu. Uzile (bizari nyembamba) uchague, uupepete, uuanike kidogo juani. Karafuu zipime kwenye bilauri ya maji: ikizama au ikisimama wima, ina mafuta yake, ikilala juu ya maji, imeshakwisha, hata kama umeambiwa imetoka Pemba jana. Chagua zenye vichwa. Karafuu ambayo kichwa kimekatika imeshapoteza nusu ya kazi yake. Siku hiyo hiyo menya thomu (kitunguu saumu), twanga na tangawizi na chumvi kidogo, tia kwenye chupa na uimiminie mafuta juu, uweke kwenye friji. Chagua mchele mawe.

Tarehe 24 ndiyo siku nzito, na nia yake ni moja: usiku ule mpishi naye aende kanisani. Nimeona nyumba nyingi ambazo baba na watoto wanakwenda misa ya mkesha, na mama anabaki kukuna nazi. Hilo silikubali. Asubuhi kuku wanachinjwa na kunyonyolewa, wanatiwa viungo. Mchana keki inaokwa. Alasiri nyama inachemshwa mpaka iwive nusu, inapoa, inaingia frijini na supu yake. Magharibi mchele wa mkate wa kumimina unarowekwa. Baada ya hapo jiko linafungwa, watu wanaoga, wanavaa.

Sisi tunasali Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Watoto nawaeleza njiani, kila mwaka, kwamba pahala pale palikuwa soko la watumwa, kwamba Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, na kwamba jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Askofu Steere aliyelijenga amezikwa nyuma ya altare. Mtoto wa Mbweni akijua hayo, akiingia mle ndani usiku wa Krismasi anajua anasherehekea nini, na kesho yake akila pilau anaila kwa haki yake.

Pilau

Vipimo hivi ni vya sufuria moja ya kilo mbili za mchele. Nyama kilo mbili. Vitunguu maji robo tatu kilo. Mbatata kilo moja, zimenywe na ziachwe nzima kama ni ndogo. Thomu vichwa viwili na tangawizi kiasi cha kidole gumba, uliyoitwanga juzi. Uzile vijiko vitatu vikubwa, pilipili manga kijiko kimoja kikubwa, iliki punje 15, karafuu punje 12, mdalasini vijiti vinne. Mafuta kikombe kimoja na nusu, na samli vijiko viwili ya kumalizia. Mchele mie napenda wa Mbeya kwa pilau. Basmati nauwekea biriani.

Vitunguu vikate vyembamba na vyote viwe sawasawa, kwa sababu rangi ya pilau inatoka humo na kitunguu kinene kinabaki cheupe wakati chembamba kinaungua. Mafuta yashike moto sawasawa, tia vitunguu, na usiondoke. Hapa hapana simu, hapana mgeni, hapana mtoto analia. Vitalainika, vitatoa maji, vitaanza kuwa vya manjano, na kwa muda mrefu utaona kama havibadiliki. Halafu ghafla kingo zinageuka rangi ya dhahabu, na kutoka hapo mpaka kuungua ni dakika chache mno. Unachokitaka ni rangi ya hudhurungi iliyoiva, na harufu tamu isiyo na ukali. Hapo hapo mimina upawa mmoja wa supu. Itafoka mvuke, moto wa mafuta utashuka, na kitunguu kitaacha rangi yake yote kwenye maji. Wanaotia tungule (nyanya) ili kupata rangi wanaharakisha. Pilau ya tungule ni pilau, siikatai, lakini haikai vizuri kwenye joto la Desemba.

Sasa tia thomu na tangawizi, koroga mpaka ukali wa harufu uishe. Bizari zote zinafuata, nzima isipokuwa nusu ya uzile ambayo naiponda kidogo kwenye kinu. Nyama inaingia, inakaangwa mpaka ishike viungo, kisha mbatata. Acha mbatata zipate rangi. Mimina supu ya jana, na ukamilishe kwa maji ya moto mpaka upate lita tatu na nusu kwa mchele wa Mbeya. Kwa basmati iliyorowekwa lita tatu zinatosha. Ikichemka, onja. Mchuzi uwe umezidi chumvi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu mchele utaimeza. Ukiona chumvi iko sawa kabisa kwenye mchuzi, jua pilau itakuwa chapwa mdomoni.

Mchele uliooshwa na kuchujwa unaingia. Koroga mara moja kutoka chini, funika, moto wa wastani. Maji yakikaribia kukauka na ukaona vishimo juu ya mchele, mwaga samli, geuza taratibu kwa mwiko kutoka pembeni kwenda kati, toa makaa mengi chini ubakishe machache, na palia makaa juu ya kifuniko. Dakika 25. Anayetumia gesi aweke chuma cha chapati chini ya sufuria, moto wa chini kabisa, na kitambaa safi kati ya sufuria na kifuniko.

Wengi hapa wanaipikia pilau tui la nazi, na kwa kula nyumbani papo hapo hakuna kinachoipita. Lakini pilau ya sinia usiitie tui. Hujui jirani ataila saa ngapi. Pengine wako safarini, pengine wanamsubiri baba arudi kazini. Desemba kaskazi linavuma na joto halina huruma, na pilau ya tui hugeuka kabla ya jioni. Sufuria ya pili, ya nyumbani, tia ukipenda: punguza supu vikombe viwili, weka tui badala yake.

Pembeni kuna kachumbari, na msimu huu kuna embe. Embe mbichi ikunwe, itiwe pilipili mbichi, chumvi na ndimu kama zitahitajika. Nusu saa inatosha. Hii ndiyo inayomalizika kwanza mezani, basi ikune kwa wingi.

Kuku wa kupaka

Kuku apasuliwe mgongoni na kulazwa, akiwa ametiwa thomu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili tangu jana. Wa kienyeji ni mgumu, kwa hiyo mchemshe kwanza kwa viungo hivyo hivyo mpaka uma uingie, ndipo umpeleke kwenye makaa. Ukimtia motoni mbichi utamla na jasho.

Tui la kupaka linatoka kwenye nazi sita zilizokomaa kwa kuku wote watano. Zikune, zikamue kwa maji ya uvuguvugu kidogo tu, hili tui la kwanza liweke pembeni. Kamua tena upate tui jepesi. Lipike jepesi na tungule mbili zilizosagwa, bizari ya manjano robo kijiko, thomu na pilipili, mpaka lipungue nusu. Halafu tui zito, moto mdogo, na koroga kwa upawa ukiinua na kumimina bila kuacha, maana ukiliacha likachemka peke yake linakatika na haliungiki tena. Likiwa zito la kushika mgongo wa kijiko, epua, kamulia ndimu. Pakaza juu ya kuku akiwa kwenye makaa, geuza, pakaza tena, mpaka juu pafanye madoa meusi meusi. Lililobaki mimina kwenye sahani wakati wa kupakua.

Kuna watakaokuambia Krismasi ni bata mzinga. Hiyo ni ya Uingereza na Marekani, wenye majoko makubwa na baridi nje. Kuku wa kupaka kwa hapa kwetu hapungukiwi na chochote.

Mkate wa kumimina

Huu ndio utamu wetu wa asubuhi ya sikukuu, na unasubiriwa kuliko keki. Watoto wakiamka unapaswa uwe umeshakatwa, na chai ya maziwa ya iliki ipo.

Mchele vikombe viwili, wa kawaida, usiwe basmati, uliorowekwa tangu magharibi. Alfajiri uuchuje. Usage kwenye mashine na tui zito kikombe kimoja na robo, hamira kijiko kimoja kidogo, na iliki punje nane ulizozitwanga. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja, saga tena kidogo tu. Mimina kwenye bakuli lenye nafasi, funika, acha uumuke. Kwa joto la Desemba utachukua kama dakika 40. Usiusubiri saa nzima kwa sababu kitabu kimesema hivyo.

Angalia uso wake. Mwanzo ni laini kama maziwa. Baadaye vinatokea vipovu vidogo pembeni, kisha katikati, na ukiliegemeza bakuli unaona unga umekuwa mwepesi na unatetemeka. Hapo ndipo. Ukichelewa utanusa uchachu, na mkate utapanda halafu ushuke katikati. Tangu umeumuka usiukoroge tena, hata kwa kijiko kimoja.

Sufuria ndogo nzito, ipake mafuta, ishike moto kwanza juu ya makaa ya wastani. Mimina unga kwa mkupuo mmoja. Usikie ukilia kidogo unapogusa chini. Usifunike bado. Ndani ya dakika chache vishimo vitaanza kufunguka juu, vimoja vimoja, mpaka uso wote uwe na matundu, na pembeni paanze kukauka. Sasa funika na kifuniko chenye makaa, na makaa ya chini yapunguze. Uso ukishika rangi ya dhahabu, choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umewiva. Upoe ndani ya sufuria kabla ya kuupindua. Mwenye oveni autie humo baada ya vishimo kufunguka, moto wa nyuzi 180, juu na chini.

Pika miwili au mitatu, na mmoja ni wa yule mzee aliyechinja kuku.

Sinia zinavyotoka

Sufuria ya kwanza ikishawiva, hakuna anayeonja zaidi ya mpishi. Pilau inapakuliwa kwenye sinia kwa kuimwaga kutoka pembeni kuja kati, nyama nzuri juu, mbatata kuzunguka, kipande cha kuku katikati, kachumbari kwenye kibakuli chake. Nyama ya jirani iwe ile ile ambayo ungempa mgeni wako wa heshima. Funika kwa kawa. Anayepeleka ni mtoto, aliyeoga na kuvaa nguo yake ya sikukuu, na anafundishwa: apige hodi, aamkie, aseme mama anawasalimu na anawakaribisha sikukuu, akabidhi kwa mikono miwili, asichungulie ndani. Mtoto atarudi na hela mkononi, na hizo ni zake, usimnyang'anye kwa kisingizio cha kumwekea.

Saa yenyewe ni baada ya sala ya adhuhuri, kwenye saa 7 mchana hivi, watu wakiwa wametoka msikitini na bado hawajatenga. Krismasi ikiangukia Ijumaa, kama ya mwaka 2026, chelewesha mpaka sala ya Ijumaa itoke, na mpaka hapo na nyumbani kwako msianze kula.

Na ipo miaka ambayo Krismasi inaingia ndani ya Ramadhani. Ilikuwa hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 Ramadhani ilianza mapema Desemba ikavuka mwaka. Mama mkwe wangu mwaka ule aligeuza utaratibu wote: mchana tulikula kimya kimya, milango imefungwa na mapishi ya harufu kali yameahirishwa, na sinia zilitoka jioni kabla ya magharibi zikiwa na tambi za nazi, sambusa, uji wa pilipili manga na tende, pilau ikafuata baada ya tarawehe. Ramadhani inarudi tena kwenye Desemba, na Krismasi ya mwaka 2031 itakuwa ndani yake. Walio vijana leo waujue utaratibu huo, maana wao ndio watakaoushika.

Sinia hazirudi tupu. Zitarudi na maembe, na vileja, au na kitu kingine watakachokiona wao, leo au baada ya wiki. Usihesabu nani karudisha nini. Na Idi ikifika utaona zinakuja kwako kabla hujakaa.

Mezani

Sisi hukaa chini, jamvini, wazee kwenye viti wanaohitaji. Sinia moja watu watano. Mdogo kuliko wote anaomba baraka, kwa maneno yake mwenyewe, na hakosolewi. Mpishi hukaa kabla ya wote na hainuki tena. Atakayetaka maji au pilipili anakwenda mwenyewe. Watoto wakubwa wanaosha vyombo, wa kiume na wa kike.

Juisi ni ya embe, au ukwaju kwa anayetaka kitu cha kukata mafuta. Keki hukatwa alasiri, watakapokuja wageni, na chai. Jirani wengi huja saa hizo kutoa mkono wa sikukuu, basi hakikisha kuna vikombe vya kutosha na pahala pa kukaa hata kama ni barazani. Ambaye hakuja, nenda wewe kesho yake.

Kiporo

Pilau iliyobaki isilale sufuriani. Itandaze kwenye sinia ipoe upesi, iingie frijini kabla ya magharibi, ile ya tui itenganishwe na iliwe usiku ule ule. Asubuhi ya tarehe 26 chukua kikaango, samli kijiko kimoja, kitunguu kidogo, tia pilau, nyunyiza maji kwa vidole, funika moto mdogo mpaka chini ishike ukoko. Ipashe mpaka ndani iwe moto kabisa, siyo juu tu. Kula na chai ya rangi na kipande cha ndimu. Mifupa ya kuku ichemshe na muhogo na pilipili, hiyo ni supu ya mchana, na siku hiyo hakuna anayepika kitu kingine.

Na sinia za watu zilizobaki kwako zioshe, uzikaushe, uziweke mlangoni na kitu juu yake.